Santuri au mtandao? Hesabu ya sanduku moja la benga

Leo naweka kando habari za programu na hifadhidata. Nina swali la nyumbani, ingawa mtaona kwamba mwishowe ni swali la kompyuta vilevile: ukitaka kusikiliza muziki nyumbani, ushike santuri au ushike mtandao?

Ulaya na Marekani swali hili hujibiwa kwa kulinganisha sauti. Mmoja atasema santuri ina sauti yenye uhai, mwingine atasema faili ya dijitali ni safi zaidi, na watabishana mpaka jogoo awike. Huku kwetu, kati ya Homa Bay na Migori, swali lina sura nyingine. Mimi nimelazimika kulijibu kwa sababu kuna mtu alikuja na pesa taslimu mkononi.

Mambo yenyewe ni haya. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na katika miaka ya 1970 sehemu ya mshahara wake ilikuwa ikiishia kwenye maduka ya santuri. Ametuachia sanduku la mbao lenye santuri 46, zote zile ndogo za inchi 7, nyingi za benga na chache za rumba ya Kongo. Sanduku liko nyumbani, karibu na Rodi Kopany, anakokaa kaka yangu mkubwa. Mama siku hizi anakaa Migori mjini kwa dada yetu. Mimi nafanya kazi Homa Bay mjini.

Akaja mnunuzi kutoka Nairobi, mtu anayekusanya santuri za zamani na kuwauzia wapenzi wa ng'ambo. Akazipitia moja moja, kisha akasema atatoa shilingi 500 kwa kila santuri, mradi apewe zote. Hiyo ni shilingi 23,000. Kaka ana mtoto sekondari na karo ya muhula ilikuwa haijakamilika, kwa hiyo pesa hizo hazikuwa za mchezo. Hoja yake ilikuwa fupi: "Omera, nyimbo zote hizi ziko kwenye simu. Tunaweka plastiki ya nini?"

Mama aliuliza jambo moja tu: ni kweli ziko zote? Kazi ya kujibu nikapewa mimi, mtu wa kompyuta. Mnunuzi akatupa wiki mbili.

Kwa nini nyumba zetu zina santuri

Kwa wasomaji wa mbali, Homa Bay na Migori ni kaunti mbili tangu 2013, lakini zamani zote zilikuwa ndani ya wilaya moja ya South Nyanza. Ukivuka mpaka kutoka Migori unaingia Tanzania, upande wa Shirati, alikozaliwa D. O. Misiani, kiongozi wa Shirati Jazz. Mpaka ule muziki haukuutambua hata siku moja. Misiani aliimba, akafungwa kwa ajili ya nyimbo zake za siasa, akatoka, akaimba tena, mpaka alipofariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwezi Mei 2006.

Bendi zilikuwa za huku lakini studio na kiwanda cha kuchapa santuri vilikuwa Nairobi. Mwanamuziki alipanda basi na gita lake, akarekodi, na baada ya muda santuri zikashuka Nyanza kwa basi lilelile. Msambazaji mkubwa wa wakati huo alikuwa Oluoch Kanindo, ambaye baadaye aliingia Bungeni. Santuri alizosambaza zilifika mbali sana, hata Zimbabwe watu wakaanza kuuita mtindo wa benga kwa jina lake, kanindo.

Kisha ikaja kaseti. Mtu yeyote mwenye mashine ya kaseti yenye sehemu mbili aliweza kunakili wimbo na kuuza nakala sokoni, na biashara ya santuri ikadhoofika hadi ikafa. Okatch Biggy alipotikisa Nyanza nzima katika miaka ya 1990, watu wengi walimjua kwa kaseti. Kwa hiyo santuri za benga zina kipindi chake, miaka ya 1960 hadi 1980 hivi. Wimbo uliorekodiwa wakati huo, na ambao hakuna aliyeuhamishia kwenye kaseti, CD au faili, umebaki kwenye santuri peke yake. Hakuna mashine kubwa mahali fulani duniani inayoweza kuuzalisha upya.

Wimbo mmoja, pande mbili

Kabla sijaeleza majaribio yangu, lazima mjue jinsi santuri hizi zilivyotengenezwa, maana ndiko tatizo linakoanzia.

Santuri ya inchi 7 ilitolewa kwa mara ya kwanza na kampuni ya RCA ya Marekani mwaka 1949. Inazunguka mara 45 kwa dakika, na upande mmoja unabeba muziki wa dakika tatu, nne, tano kwa shida. Sasa benga hailingani na dakika nne. Wimbo unaanza taratibu, mwimbaji anatoa habari yake, kisha maneno yanapungua na gita la mbele linachukua nafasi, linakimbia, besi inalifuata, na watu wanasimama kucheza. Kwa hiyo wimbo ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza una sehemu ya kwanza, yaani maneno. Ukiisha unageuza, na upande wa pili unaendelea pale ulipokatika: gita linakolea, na mwimbaji anataja majina ya marafiki na wafadhili wake, fulani mtoto wa fulani, mwalimu wa mahali fulani, mwenye duka wa mahali fulani.

Kumbukeni hilo la majina. Tutalirudia.

Jaribio la kwanza: je, ziko kwenye simu?

Nilitengeneza jedwali. Safu ya kwanza namba ya santuri, ya pili jina la bendi kama lilivyoandikwa kwenye lebo, ya tatu na ya nne majina ya nyimbo za pande mbili, ya tano matokeo. Nikatafuta kila wimbo YouTube, Boomplay na Spotify, ambayo ilifunguliwa rasmi Kenya Februari 2021.

Kutafuta benga mtandaoni ni kazi ya uvumilivu. Mashine ya kutafutia inalinganisha herufi, na majina ya Kidholuo yameandikwa kila mtu anavyotaka: herufi moja au mbili, maneno yameunganishwa au yameachanishwa. Bendi nazo zilibadilisha majina. Ochieng Nelly na Collela Mazee walirekodi kwa majina kadhaa yanayoanza na Victoria. Nilichofanya ni kuandika programu ndogo ya kunitolea tahajia zote zinazowezekana za kila jina, kisha nikazijaribu moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ilinichukua jioni nne.

Matokeo ya santuri 46 ni haya:

- Zilizopatikana pande zote mbili: 19.
- Zilizopatikana upande mmoja tu: 11.
- Zisizopatikana kabisa: 16.

Katika zile 19, tatu zilikuwa na kasoro. Mbili zimewekwa kwa jina la bendi nyingine, na moja inakwenda mbio kuliko inavyopaswa. Kwenye santuri upande wake wa kwanza una dakika 3 na sekunde 38, lakini mtandaoni ni dakika 3 na sekunde 22. Hiyo ni tofauti ya asilimia 8 hivi, na sauti ya mwimbaji imepanda kwa kiasi hicho hicho. Nadhani ilinakiliwa kutoka kwenye kaseti ambayo mashine yake ilikuwa na kasi isiyo sahihi.

Msinielewe vibaya. Mtandao umefanya kazi kubwa. Wimbo wa "Lunch Time" wa Gabriel Omolo unaupata kwa sekunde mbili. Shirati Jazz walitoa albamu ya Piny Ose Mer Uingereza mwaka 1989 kupitia GlobeStyle. Ketebul Music ya Nairobi ilitoa mwaka 2008 mkusanyiko wa Retracing the Benga Rhythm, wenye kitabu na muziki ndani yake. Kilichowahi kupita mikononi mwa watu makini wa namna hiyo kina nafasi nzuri ya kuwafikia wasikilizaji wa leo. Lakini kuna bendi ndogo iliyorekodi santuri mbili ikavunjika. Nani ataipandisha mtandaoni? Labda mtu aliye na sanduku kama letu.

Hapo ndipo bei ya mnunuzi ilianza kuniambia kitu. Mtu hatoi shilingi 500 kwa wimbo anaoweza kuusikiliza bure.

Jaribio la pili: gharama na stima

Kaka alisema mtandao ni rahisi. Tupige hesabu.

Spotify katika kiwango cha kawaida hutuma kilobiti 96 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600, gawanya kwa 8, unapata megabaiti 43 kwa saa. Kwenye kiwango cha juu kabisa cha faili zilizobanwa, kilobiti 320, ni megabaiti 144 kwa saa. Mama husikiliza kama saa tatu kwa siku. Kwa kiwango cha kawaida ni chini ya gigabaiti 4 kwa mwezi, kwa kiwango cha juu ni karibu 13. YouTube inakula zaidi kwa sababu inabeba na picha, hata kama simu imelala kifudifudi mezani. Ukilipia huduma unaweza kupakua nyimbo ukiwa na mtandao wa bei nafuu na kuzisikiliza baadaye. Stima ikipotea, simu inaendelea.

Santuri haitaki bando, lakini inataka mashine, na mashine ya baba ilikufa zamani. Shemeji yangu aliyeko Marekani akatuletea moja ya kutumia mkanda, iliyotumika lakini nzima. Hapa nina somo kwa yeyote anayepokea zawadi ya namna hii. Stima ya Marekani ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Yetu ni volti 240 na mizunguko 50. Transfoma itakushushia volti, lakini haibadilishi mizunguko. Mota za aina nyingi za zamani hufuata mizunguko ya stima, kwa hiyo mashine ya 45 itazunguka mara 37.5 tu kwa dakika, na Misiani ataimba kama mtu aliyelala usingizi.

Fundi mmoja wa chuma hapo Migori alitutatulia tatizo. Akachonga puli mpya ya mota, kipenyo chake mara 1.2 ya ile ya zamani, maana 60 ukigawanya kwa 50 ndiyo 1.2. Nikabandika kipande cha karatasi pembeni ya sahani na kuhesabu mizunguko kwa saa ya simu. Arobaini na tano kamili.

Ongeza sindano mpya, maana sindano iliyochakaa inakwangua mifereji. Ongeza vumbi la barabara. Ongeza joto la nyumba ya mabati mchana, ambalo linaweza kuipinda santuri ikiachwa pabaya. Kwa gharama na usumbufu mtandao unashinda, sina ubishi.

Jaribio la tatu: masikio

Tulikutana Migori kwa dada siku ya Jumapili, mimi na kaka tukiwa tumebeba sanduku kwenye matatu, limefungwa kwa blanketi. Nilitaka kufanya jaribio la haki: nicheze wimbo uleule kwa santuri na kwa simu, spika zilezile, na wasikilizaji wasijue ni upi. Jaribio lilikufa kabla ya kuanza. Mama aliitambua santuri hata kabla ya noti ya kwanza, kwa ile kelele ndogo ya sindano inapotua.

Kelele hizo zina hesabu yake pia. Mkwaruzo mmoja kwenye santuri ya 45 unalia kila baada ya sekunde 1.33, kwa sababu 60 ukigawanya kwa 45 ndiyo hiyo. Ukisikia mlio unaorudi kwa mpigo huo, ni mkwaruzo. Ukisikia milio isiyo na mpango, mara nyingi ni vumbi, na vumbi linasafishika.

Kwa nyimbo zilizotolewa upya kwa uangalifu, mtandao ulisikika vizuri kuliko santuri yetu ya zamani. Besi ilikuwa safi, hakuna mlio. Kwa nyimbo zilizopandishwa kutoka kwenye kaseti, santuri ilishinda hata na mikwaruzo yake.

Santuri yenyewe ina udhaifu wa kimaumbile ambao hakuna sindano itakayouondoa. Inazunguka kwa kasi ileile mwanzo mpaka mwisho, lakini duara la ndani ni dogo kuliko la nje. Pembeni mfereji unapita chini ya sindano kama sentimita 40 kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama 25. Nafasi ya kuandikia sauti kali imepungua, na hapo ndipo gita la benga linapofikia kilele chake. Kwa hiyo anayewaambia kwamba santuri ni bora kwa kila kitu hajaangalia jinsi inavyofanya kazi.

Upande wa pili

Tukafika kwenye santuri namba 31. Ni ya bendi ndogo ambayo haikuvuma, na ni moja ya zile 11 zilizopatikana upande mmoja. Nikacheza kwanza ya kwenye simu. Sauti nzuri, safi, dakika nne, ikaisha. Simu ikarukia wimbo wa bendi nyingine kabisa.

Mama akauliza, "Mbona imekatika?"

Kaka akamjibu kwamba haijakatika, wimbo umeisha. Mama akasema hapana, bado hajatajwa Mwalimu.

Nikaweka santuri, nikaanza na upande wa pili. Gita likaingia pale lilipoachwa. Baada ya dakika moja na nusu hivi mwimbaji akaanza kutaja majina. La tatu lilikuwa jina la baba, na kijiji chake, na shule aliyokuwa akifundisha.

Mimi nilikuwa sijawahi kulisikia. Kaka naye, ambaye aliishi na sanduku hilo miaka yote, mashine ilikufa yeye akiwa mdogo mno asiweze kukumbuka. Mama akatueleza kwamba baba alikuwa amewalipia wanamuziki wale nauli ya kwenda Nairobi kurekodi, na hiyo ndiyo ilikuwa asante yao. Aliyepandisha wimbo huo mtandaoni hakukosea kwa makusudi. Pengine alikuwa na upande mmoja mzima na wa pili umevunjika, au aliona maneno yako upande wa kwanza akaona inatosha.

Kaka akaomba urudiwe. Tukaurudia mara nne. Habari ya kuuza zote 46 haikutajwa tena siku hiyo.

Tulivyoamua

Lakini karo ilikuwa bado inadaiwa, na hisia hazilipi karo. Tukarudi kwenye jedwali.

Katika zile 19 zilizokamilika mtandaoni, 16 hazina kasoro. Mama akachagua mbili anazozipenda, zikabaki 14. Hizo tukamwambia mnunuzi tunamuuzia. Alipoona orodha akacheka, akasema hizo ni za kawaida, atatoa shilingi 200 kwa kila moja. Tukakubali. Shilingi 2,800. Mimi na dada tukachanga kilichobaki, mtoto akarudi shule. Zile 14 hatukuzinakili: tukitaka kuzisikia tutazisikiliza mtandaoni.

Zilizobaki 32 haziuzwi, na zinanakiliwa. Kwa wanaotaka kufanya hivyo, hatua ni hizi:

1. Safisha santuri kwa maji yaliyochujwa na tone la sabuni laini, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Fuata mzunguko wa mifereji. Usiiloweshe lebo.

2. Mashine ya santuri ipitie kwenye amplifaya yenye tundu maalumu la santuri. Wakati wa kuchonga santuri, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, kwa kipimo cha RIAA kilichokubaliwa tangu 1954. Amplifaya ile inarudisha mambo yalivyokuwa. Ukiruka hatua hii muziki utasikika kama redio iliyo ndani ya mkebe.

3. Rekodi kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde. Kwa stereo hiyo ni kilobaiti 288 kwa sekunde, yaani megabaiti 69 kwa upande wa dakika nne. Santuri zetu 32 zinafika gigabaiti 4.4 hivi. Zote zinaingia kwenye flashi ndogo.

4. Hifadhi kwa FLAC, inayobana faili bila kupoteza kitu. MP3 tengeneza baadaye, ya kuweka kwenye simu. Usiifanye ndiyo asili.

5. Piga picha lebo za pande zote mbili. Namba iliyochapwa kwenye lebo na ile iliyochongwa karibu na katikati ndiyo kitambulisho cha santuri. Tahajia ya jina unaweza kubishania, namba huwezi.

6. Weka nakala tatu, na moja ikae nyumba nyingine. Sisi moja iko Homa Bay, moja Migori, moja kwa shemeji.

Wengine wataniuliza kwa nini nisizipandishe mtandaoni ili kila mtu azisikie. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa, na utunzi wenyewe unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo hata rekodi ya 1972 ambayo muda wake umepita, wimbo ulio ndani yake bado unaweza kuwa wa mtu, na mtu huyo ana watoto kama sisi tulivyo watoto wa baba. Tumeanza kuulizia familia ya kiongozi wa ile bendi ndogo, tuwape nakala. Waamue wao.

Na wasitegemee utajiri. Tangu mwaka 2024 Spotify hailipi chochote kwa rekodi ambayo haijasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12. Wimbo wa bendi iliyosahaulika unaweza kukaa pale miaka bila kuleta hata senti. Lakini kupatikana nako ni kitu.

Sasa nijibu swali

Ukinunua muziki wa leo, shika mtandao. Huna sababu ya kuhangaika na puli na sindano ili umsikilize Prince Indah. Muziki wake umezaliwa kwenye faili. Mama mwenyewe sasa anasikiliza kwa simu siku za kazi, na mashine ya santuri ni ya Jumapili baada ya kanisa.

Ukipenda muziki wa zamani uliovuma, sikiliza mtandaoni kwanza. Mara nyingi utaridhika.

Ukiwa na sanduku la nyumbani, acha kulinganisha sauti kwanza. Sisi watunga programu tunajua tofauti ya msimbo wa chanzo na huduma inayotumia msimbo huo. Huduma inaweza kuzimwa, kubadilishwa, kupunguzwa, na hutaulizwa. Chanzo ukikipoteza, hakuna wa kukurudishia. Santuri ndiyo chanzo na mtandao ni huduma. Kabla hujakubali bei ya mtu, tengeneza jedwali, tafuta kila upande, wa kwanza na wa pili, na usikilize mpaka mwisho, hasa kama mama au baba yuko hai wa kukuambia nani ametajwa mle ndani. Programu yangu ya kukisia tahajia haikujua jina la baba ni la kutafutwa. Mama alijua.

Zimebaki santuri tano za kunakili, mbili kati yake zimepinda na zinahitaji kulaliwa na vitabu vizito kwa wiki kadhaa. Zikifaulu nitawaambia.